Kipimajoto cha Emérise

Jumapili ya mwisho ya Agosti, misa ilipokwisha, hakuna mtu wa parokia ya Sainte-Apolline aliyekimbilia gari lake. Wanaume walisimama kwenye changarawe wakiwasha sigara, wanawake wakaegemea magari, na watoto wakaambiwa wanyamaze. Wote walikuwa wakimsubiri Emérise Corriveau.

Alitoka wa mwisho, kwa sababu kuzima mishumaa ya Bikira Maria ilikuwa kazi yake, na hakuwahi kuharakisha kazi ya Mungu kwa ajili ya mtu yeyote. Akashuka ngazi mbili, akasimama ya tatu, akavaa miwani, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Shemeji," Adrien alipaza sauti kutoka nyuma, "mwaka huu umetuletea jua, au umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuletea unachostahili, Adrien. Kaa kimya ukipokee."

Watu wakacheka. Adrien Corriveau alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, shamba lake likipakana na lao, na utani wao ulikuwa wa miaka mingi kuliko ua wa waya uliowatenganisha.

Karatasi ile ilikuwa mwelekeo wa hali ya hewa wa vuli, majira yanayotangulia baridi, kwa kaskazini yote ya jimbo la Maine, Marekani. Ofisi ya hali ya hewa ilimtumia Emérise kwa posta kwa kuwa yeye ndiye aliyepima mvua ya bonde lile. Nyuma ya nyumba yake, mbali na miti, lilisimama kopo refu la shaba, na kila siku saa moja asubuhi alitoka na kijiti chake, akapima, akaandika kwenye daftari. Hata siku alizojifungua alipima. Hata siku aliyomzika mumewe, Onésime, alipima kwanza, ndipo akavaa nguo nyeusi.

Akasoma, polepole, kwa sauti ile ile aliyosomea masomo ya misa.

"Septemba hadi Novemba. Mvua, wastani hadi juu ya wastani. Joto, juu ya wastani. Vuli inatarajiwa kuwa ya upole, na baridi kali itachelewa."

Minong'ono ya furaha ikapita uwanjani. Mama mmoja akasema atapumzisha jiko la kuni hadi Novemba. Mwingine akasema magoti yake yamesikia na yanashukuru. Emérise alikunja karatasi mara nne, akairudisha mkobani.

"Msifurahi," alisema. "Upole huo ni wetu sisi, si wa viazi. Kiazi kikiingia ghalani na joto, tena kimelowa, kitaoza na kuozesha wenzake. Mwaka huu msichimbe kwa kalenda ya shule. Chimbeni kwa kipimajoto."

Akashuka ngazi. Mwanawe, Rosaire, aliyekuwa amesimama karibu na lori lake, hakucheka wala hakunong'ona. Alikuwa na miaka thelathini na minne, shamba lote likiwa mikononi mwake tangu baba yake afariki, na misimu miwili mfululizo ilikuwa imemwendea vibaya. Wote wawili walijua, ingawa hawakulisema mezani, kwamba ghala likiharibika mwaka huu, shamba la Corriveau litalimwa na watu wengine.

Kule bondeni shule hufungwa katikati ya Septemba kwa wiki tatu, ili watoto na walimu wao waende mashambani. Mapumziko ya mavuno, wanayaita. Ni desturi ya tangu enzi za vikapu, watu walipochimba kwa mikono, na hata mashine zilipokuja haikuondoka. Shule ikifungwa, bonde zima linaingia shambani. Ikifunguliwa, huna mtu wa kusimama kwenye mashine kutoa mawe na viazi vibovu. Kwa hiyo kengele ya mwisho ya shule ilikuwa amri. Hata kiazi kiwe kimefanya nini chini ya ardhi, watu waliwasha injini.

Jioni ya siku ile kengele ilipolia, Rosaire alikuja jikoni kwa mama yake. Emérise alikuwa akipika ploye, zile chapati za ngano nyeusi zinazoiva upande mmoja bila kugeuzwa, na kuku wa mchuzi alikuwa tayari.

"Kesho naanza," Rosaire alisema akivuta kiti. "Majani tuliyaua wiki mbili zilizopita ili ngozi ya viazi ikomae, na imekomaa. Watu ninao kumi na mmoja."

"Anza. Alfajiri."

"Alfajiri mpaka jioni."

"Alfajiri mpaka digrii sitini na nne." Aliweka sahani mbele yake. "Nitakaa pembeni ya shamba na kipimajoto. Moyo wa kiazi ukifika sitini na nne, napunga kitambaa, unazima mashine."

"Mama, kwa hali hii ya hewa itakuwa saa nne asubuhi! Saa tano tukibahatika!"

"Basi saa nne."

"Nusu siku? Nina wiki tatu tu, Mama. Nikichimba nusu siku sitamaliza. Na mvua yako hiyo uliyoisoma kanisani itanikuta na viazi ardhini."

"Inaweza kukukuta."

"Unasema hivyo kana kwamba si kitu."

"Nasema hivyo kwa sababu naogopa ghala kuliko shamba." Akamwagia asali kwenye ploye yake kama alivyofanya tangu Rosaire akiwa mtoto. "Kilichobaki ardhini umekipoteza hicho tu. Kibovu ulichoingiza ghalani kinakwenda na vyote. Kula, zinapoa."

Rosaire alikula. Hakukubali, ila hakukataa, na kwa Emérise hiyo ilitosha kwa usiku mmoja. Alisali rozari yake, akalala usingizi mzuri.

Kipimajoto chenyewe kilikuwa kidogo, cha chuma, chenye ncha kama msumari na uso wa mviringo kama saa ya mkononi, kikisoma kwa Farenhaiti, ambako sitini na nne ni kama kumi na nane za Selsiasi. Ni kile ambacho wapishi hudunga kwenye nyama kujua kama imeiva. Kila asubuhi Emérise alikaa kwenye pipa lililopinduliwa, koti la marehemu mumewe mabegani, akaokota kiazi kilichotoka ardhini wakati huo huo, akakichoma hadi moyoni, akasubiri. Hamsini na saba. Hamsini na tisa. Ukungu ulipoondoka mtoni, sitini na moja. Mashine ilikwenda na kurudi, watu wakiwa juu yake mikono ikiruka kati ya mawe na viazi, na malori yakabeba kwenda ghalani, lile jengo la zamani ambalo nusu yake imefukiwa ndani ya kilima. Ilipofika saa nne na kitu, kitambaa chekundu kikapanda hewani. Rosaire akazima mashine.

Kwa upande wa pili wa ua, mashine ya Adrien haikuzimwa mpaka jua lilipozama.

"Rosaire!" Adrien alipiga kelele siku ya tatu, akiwa juu ya trekta lake. "Mama yako amekupigia kengele ya kwenda kulala?"

Watu wa pande zote mbili wakacheka. Rosaire akawa mwekundu hadi masikioni.

"Shemeji Emérise! Leo kiazi kimeamkaje? Kimekunywa kahawa?"

"Kimeamka vizuri," Emérise alijibu bila kusimama. "Kimeniuliza wewe utaacha lini kukipikia ghalani."

"Mimi nampikia nani? Mungu ametupa jua, mimi nalitumia. Kulikataa ni dhambi, muulize Padri!"

"Mungu alikupa na kichwa, Adrien. Nacho kitumie."

Ilikuwa hivyo siku nane. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kupita kiasi: miti yote ya kilimani imegeuka nyekundu na njano, hewa laini, watu wakitembea na mashati tu, bila makoti, mwishoni mwa Septemba. Ghala la Adrien lilijaa hadi karibu na boriti. La Rosaire halijafika nusu.

Siku ya tisa, redio ilisema mvua itaanza kesho yake na itakaa. Rosaire alikuwa bado hajagusa shamba la chini, ekari nane kando ya mto, udongo mzito kuliko wote, ambao ukilowa hauingiliki. Alihamishia mashine huko alfajiri. Saa nne na robo, Emérise alichoma kiazi, akasubiri, akasoma, akachoma kingine ili awe na hakika. Akainua kitambaa.

Mashine haikusimama.

Akakipunga. Mashine ikafika mwisho wa mstari, ikageuka, ikaingia mstari mwingine. Watu waliokuwa juu yake walimtazama Emérise, kisha wakamtazama Rosaire, kisha wakainamisha vichwa kwenye viazi kana kwamba hawajaona kitu.

Emérise alisimama. Alitembea katikati ya matuta, viatu vikibeba udongo, akaenda kusimama mbele ya trekta la mwanawe. Rosaire akafunga breki.

"Mama, toka hapo."

"Sitini na sita."

"Leo sisimami. Kesho mvua. Ekari nane, Mama! Nizitazame zikizama kwa sababu ya digrii mbili?"

"Shuka."

"Watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana nasema kwa upole. Shuka, Rosaire."

Alishuka, akauvuta mlango wa trekta kwa nguvu nyuma yake. Emérise akampa kiazi kile kilichotoka tu ardhini.

"Kiweke shavuni."

"Mama, tafadhali..."

"Kiweke."

Rosaire alikiweka shavuni. Kilikuwa kimepoteza ubaridi wa ardhi, kama maji yaliyoachwa mezani tangu asubuhi. Alitaka kukitupa, ila alimwona mama yake jinsi alivyosimama, na akabaki nacho.

"Unaukumbuka mwaka viazi vya baba yako vilipooza," alisema Emérise. "Ulikuwa na miaka tisa."

"Nakumbuka. Nakumbuka maji meusi yakitoka chini ya mlango. Nakumbuka tulivyovipakia kwa beleshi kurudisha shambani, harufu ile haikutoka kwenye nguo zangu hadi Krismasi." Alikunja uso. "Baba alichimba haraka kupita kiasi. Nilimlaumu miaka mingi, Mungu anisamehe."

"Basi ulimlaumu mtu asiyehusika. Nilimwambia mimi."

Rosaire alimtazama.

"Ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kusoma karatasi kanisani. Iliandikwa hivi hivi, mvua na joto la upole. Nilifurahi. Nilikuwa kijana, watu wote wananitazama, nikaongeza maneno yangu mwenyewe. Nikasema Mungu ametupa vuli laini, chimbeni mfurahi, hakuna haja ya kukimbizana na baridi. Sikusoma mbele ya hapo wala sikufikiri. Baba yako aliniuliza nyumbani, 'Una hakika?' Nikasema nina hakika. Shule ikafungwa, jua likawaka, bonde zima likachimba viazi vya moto. Baba yako akachimba kwa sababu mkewe alisimama ngazi ya kanisa akasema vuli ni nzuri."

Injini ya trekta ilikuwa bado inanguruma. Emérise alipaza sauti kidogo ili asikie.

"Hakunisema hata mara moja. Wewe ulikuwa ukimnunia yeye, naye akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, na hilo nimeliungama kwa mapadri watatu, lakini kwako sikuwahi. Krismasi ile alinipa kifurushi. Nilidhani ni hereni. Nikafungua, kipimajoto. Akaniambia, 'Emérise, usiniambie tena anga linasemaje. Niambie kiazi kinasemaje.'" Aligusa mfuko wa koti. "Leo kiazi kinasema sitini na sita. Mimi sina zaidi ya hapo. Mashine ni yako."

Rosaire alikitia kiazi mfukoni. Kisha akarudi kwenye trekta, akanyoosha mkono ndani, akazima injini. Ukimya ulipoingia, kila mtu alisikia mashine ya Adrien ikikoroma ng'ambo ya ua.

"Nendeni nyumbani," Rosaire aliwaambia watu wake. "Kesho kusiponyesha, nitawapigia simu."

Kesho yake ilinyesha. Ilinyesha siku nne, na kila asubuhi saa moja Emérise alipima na kuandika. Mto ulipanda ukaingia shamba la chini, ukalala juu ya matuta kama karai la maji machafu. Rosaire alikwenda kusimama pale na mikono mifukoni. Ekari nane, zote, zikapotea. Kwa harufu tu ungejua kwamba viazi vilivyokuwa humo vimekufa. Hakumlaumu mama yake wala hakumwongelesha, kwa siku tatu, na Emérise alimwachia kimya chake. Alipika, akasali, akasubiri. Alikuwa na uhakika na jambo moja, nalo lilikuwa ghala, si shamba la chini.

Mvua ilipoisha, matope yalichukua zaidi ya wiki kukauka, kisha upepo wa kaskazini ukaja, na asubuhi kipimajoto kikasoma hamsini na mbili. Siku ile hakupunga kitambaa hadi jioni. Shule zilikuwa zimefunguliwa, kwa hiyo wakachimba na waliopatikana: Rosaire, mkewe, Emérise mwenyewe juu ya mashine akiwa na miaka sitini na moja, na wastaafu wawili wa parokia waliokuja kwa ajili ya ploye. Mashamba ya juu yakaisha katikati ya Oktoba.

Wiki ya pili ya Novemba, Adrien aligonga mlango wa jikoni. Hakuingia kama kawaida yake, na kofia yake ilikuwa mkononi.

"Shemeji," alisema. "Ghala langu linatoa jasho."

Emérise alizima jiko. "Maji?"

"Chini ya mlango. Meusi."

Hakuna neno lingine lililosemwa kuhusu kahawa ya kiazi. Emérise alivaa viatu vya mpira, akampigia simu Rosaire, na dakika kumi baadaye wote walikuwa ghalani kwa Adrien, milango imefunguliwa, harufu ile ile ya zamani ikitoka kuwalaki. Rosaire alisimama kizingitini kwa muda mfupi, kama mtu aliyekutana na nyumba aliyoishi utotoni. Kisha akaingiza trekta.

Walifanya kazi siku tano. Lundo la katikati, lile lililoingizwa mchana wa jua kali, lilikuwa uji. Ila kwenye kona ya kaskazini, ambako Adrien aliweka viazi vya alfajiri za mwanzo, alivyochimba kabla ya jua kupanda kwa bidii tu, si kwa kipimajoto, vilikuwa vizima, na Emérise alikaa juu ya kopo la rangi akivichambua kimoja kimoja kwa mkono. Waliokoa karibu theluthi.

"Nicheke basi," Adrien alimwambia siku ya mwisho, akiwa na matope hadi kiunoni. "Una haki."

"Nitakucheka ukishalipa mbegu za mwakani. Sasa hivi una sura ya kuhurumiwa, haipendezi kuchekwa."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, tena kwa sauti, juu ya ua."

"Ungeniambia kwa nguvu zaidi," Adrien alisema, na hapo Emérise akashindwa kujizuia, akacheka, na Adrien naye, wote wawili katikati ya uvundo ule.

Ghala la Rosaire lilikaa kavu. Kila walipofungua mlango majira ya baridi walipokewa na harufu ya udongo safi, na viazi vikatoka vizima hadi Aprili. Havikuwa vingi, kwa kuwa shamba la chini lilikuwa limekwenda. Ila vilitosha. Shamba likabaki la Corriveau, na majira ya kuchipua Rosaire alipanda nyasi kwenye zile ekari nane, na hadi leo ni nyasi.

Agosti iliyofuata, Emérise alipotoka kanisani na karatasi yake, Adrien alikuwa amesimama mstari wa mbele. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kipimajoto kipya, uso wake wa mviringo ukimetameta juani. Nyuma yake Emérise alihesabu vingine sita, na akaacha kuhesabu kwa sababu miwani ilianza kuingia ukungu.

Alisoma karatasi ile miaka mingine ishirini na miwili.

Mwaka huu mwelekeo ulisema mvua, wastani hadi juu ya wastani, na joto la upole. Aliusoma akiwa ameshikwa mkono na Rosaire, sauti imepungua lakini kila neno lipo. Wiki ya pili ya mavuno, asubuhi ya Jumanne, alipima mvua, akaandika namba kwenye daftari, akarudi kitandani akisema amechoka kidogo. Bwana alimchukua kabla ya kahawa kuchemka. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, na sisi wa parokia tuliomlilia hatukuwa na la kumlaumu Mungu, maana alimchukua akiwa amemaliza kazi ya siku.

Padri alipendekeza mazishi yawe saa tatu asubuhi.

"Saa tano," Rosaire alisema.

"Rosaire, saa tatu ndiyo saa ya kawaida..."

"Saa tatu viazi bado ni vya baridi, Padri. Watu watakuwa shambani, na Mama akijua wametoka shambani saa tatu kwa ajili yake, hatatulia ndani ya jeneza."

Ikawa saa tano. Ijumaa ya mazishi kulikuwa na ukungu, halafu jua, halafu upole ule ule. Waliosimama mapema mlangoni pa kanisa walisikia mashine zote za bonde zikinguruma mbali, kwa Adrien, kwa Rosaire aliyewaachia watu wake kazi, kwa majirani hadi mtoni. Saa nne na nusu moja ikanyamaza. Kisha nyingine. Kisha nyingine ng'ambo ya kilima, hadi ikafika saa bonde zima likawa kimya, na malori yakaanza kuja barabarani moja baada ya jingine, watu wakishuka na udongo kwenye viatu.

Adrien alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alikuwa mzee sasa, na walitaka kumpa kiti, akakataa. Alipoinama kushika mpini, kipimajoto kilichungulia mfukoni mwa koti lake jeusi.

"Sitini na tatu, shemeji," alimwambia, taratibu, kama wanaoongea wawili tu. "Nimekuja mapema."

Wakambeba ndani, ambako mishumaa ya Bikira Maria ilikuwa inawaka, na hakuna aliyeharakisha.